Kadi ya Picha Niliyoilazimisha

Enzi zetu kompyuta ilikuwa na uzito wa mbuzi, na ukitaka kujua ina nini tumboni ulitafuta bisibisi ukaifungua. Watoto wa siku hizi wanashika simu nyembamba kama biskuti. Ikigoma kuwaka wanaitikisa, wanaipuliza, halafu wananuna. Mwanangu wa kwanza, ana miaka kumi na moja, aliniuliza juzi kama zile picha zinatoka kwenye intaneti au zinatoka ukutani pamoja na umeme. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sisi tulijua picha inatoka wapi. Inatoka kwenye kadi, kadi imesimama kwenye sloti, mfereji wake wa kuchomekea, na kila sloti ilikuwa na rangi yake.

Nilisoma sekondari upande wa Ihanja, wakati ule barabara kuu bado ni vumbi jekundu na simu ya mkononi ni kitu cha wafanyabiashara wa vitunguu. Mnaojua upepo wa kwetu wa mwezi wa saba mnaelewa nikisema tulifika shule asubuhi tukiwa na nyusi nyekundu. Mkono mmoja dumu la maji, mkono mwingine daftari limefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kichwani kuni kama ni zamu yenu. Mchana makande. Jioni nyumbani ugali wa uwele na mlenda, na mama akikuona unachagua chagua anakwambia, "Kula, shibe haina rangi." Hakuna aliyekuuliza unapenda nini. Wanangu leo wanaulizwa, na bado hawajui.

Mapumziko tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu uliojazwa matambara. Rafiki yangu Salima ndiye alikuwa bingwa. Alisimama katikati akijaza mchanga kwenye chupa, sisi wawili huku na huku tunamrushia mpira, na mpira haumgusi. Alikuwa mwembamba, mkimya, anaona kitu kabla hakijafika. Nyumbani kwao waliswali, kwetu tulienda misa, na sikukuu zote tulikula mara mbili. Tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Yeye alikuwa na akili ya kutulia.

Tukiwa kidato cha pili, zikaja kompyuta kumi. Zilitoka kwa wafadhili wa huko ng'ambo, zikapakiwa kwenye lori pamoja na magodoro ya zahanati. Lori lilitoka Manyoni likirukaruka kwenye mashimo, na lilipofika shuleni hata dereva alikuwa amebadilika rangi. Wazazi wetu walikuwa wameshajenga chumba. Baba yangu alisomba mawe, mama alikanda udongo wa matofali, sisi wanafunzi tulibeba maji. Fundi mkuu alikuwa Mzee Hango, mwenyekiti wa wazazi, mwashi mwenye vidole vilivyokakamaa kama mizizi, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne lakini ukuta wake hauna mahali pa kupenyeza wembe. Kwa hiyo kompyuta zile hazikuwa za serikali wala za mwalimu mkuu. Zilikuwa zetu.

Mwalimu Ntandu, aliyetufundisha fizikia, akazipanga juu ya meza. Jenereta likawashwa. Tulikuwa tumejazana madirishani, wengine wamepanda juu ya wenzao. Sita ziliwaka. Kioo kilipotoa picha ya kwanza tulipiga kelele mpaka kuku wa mpishi wakakimbilia korongoni. Lakini nne zilinguruma tu, taa ya kijani mbele imewaka, feni inazunguka, na kioo cheusi kama usiku wa mvua.

Mzee Hango alikuwepo. Aliangalia zile nne, akaziangalia tena.

"Mwalimu," alisema, "tumejenga chumba cha kompyuta kumi au cha sita?"

"Nipe muda, mzee wangu."

"Muda upo. Mwisho wa mwezi wazazi wanakutana hapa. Wengine wanasema chumba hiki kingefaa zaidi kuwa ghala la mahindi ya watoto. Mimi nimewazuia, lakini siwezi kuwazuia kwa maneno matupu. Nataka kuwaonyesha kitu."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Kama mashine hazifanyi kazi, hakuna mzazi angekubali kuchangia gunia la alizeti ili lipatikane dizeli ya jenereta. Na bila dizeli, kompyuta ni kabati la mende.

Mwalimu Ntandu alichagua wanafunzi wanne wa kumsaidia kila siku baada ya vipindi, mimi na Salima tukiwemo. Alikuwa na kitabu kimoja tu chenye michoro, kurasa zake zimeanza kuachia, na bisibisi mbili. Tukafungua mfuniko wa ile ya kwanza. Sitasahau harufu iliyotoka ndani, vumbi la nchi za watu lililochanganyika na plastiki kuukuu.

Ndani kulikuwa na ubao mkubwa wa kijani ambao mafundi wanauita mazabodi, na juu yake sloti zimejipanga kama mashimo ya bao. Mwalimu akatufundisha. Ile ndefu nyeusi ni ya kizamani kuliko zote, inaitwa ISA. Zile fupi nyeupe, tatu au nne, ni PCI, zinapokea karibu kila kitu, kadi ya sauti, kadi ya mtandao. Halafu kuna moja tu ya kahawia, imejitenga kidogo na wenzake, hiyo ni AGP, na kazi yake ni kadi ya picha peke yake. Sisi tukazipa majina yetu. Nyeusi tukaiita babu. Nyeupe tukaziita mashangazi, kwa sababu hazikatai mgeni. Ya kahawia, iliyokaa pembeni ikisubiri mmoja tu, tukaiita bibi harusi. Mwalimu alijifanya kukasirika, lakini kesho yake nilimsikia akimwambia mwenzake ofisini, "Tatizo liko kwa bibi harusi."

Na kweli lilikuwa pale. Salima ndiye aliyeliona. Aliinamisha kichwa mpaka sikio likagusa meza, akatazama ile kadi kwa ubavu.

"Mwalimu, hii imeinuka. Upande wa nyuma meno yanaonekana."

Zile kadi zina meno ya rangi ya dhahabu chini, na meno yote yanatakiwa yazame ndani ya sloti. Mashimo ya barabara yalikuwa yameitikisa ikachomoka kidogo, unene wa ukucha tu. Mwalimu akaweka vidole viwili juu yake, akakandamiza taratibu. Ikasema "ka." Tukawasha. Kioo kikang'aa.

Siku ile hatukutembea kurudi nyumbani, tulikimbia. Mashine tatu tuliziponya hivyo hivyo. Ikabaki moja. Hiyo kadi yake ilikuwa imezama vizuri, hata haikutikisika, lakini ilikuwa imekufa kabisa, tukaichomoa. Ndani ya boksi la vipuri tukakuta kadi nyingine mbili za aina ya AGP. Mwalimu akazishika juu ya mwanga wa dirisha, moja mkono wa kushoto, nyingine mkono wa kulia. Pengo lililokatwa katikati ya meno halikuwa mahali pamoja. Moja lilikuwa huku, jingine kule.

"Hizi si ndugu," alisema. "Moja inakula umeme mkubwa, nyingine umeme mdogo. Pengo hili limewekwa makusudi, ili usiingize isiyohusika. Iliyokufa ina mapengo yote mawili, kwa hiyo sina hakika ipi ni ya mashine hii. Jumamosi nitakwenda Singida mjini kumuuliza fundi. Mpaka nirudi, mtu asiguse."

Ufunguo wa chumba akampa Salima autunze. Aliufunga kwa uzi akauvaa shingoni, ndani ya shati la shule. Alitembea siku hizo kama mtu aliyebeba yai.

Sasa nisemeje. Nilikuwa na miaka kumi na tano na wivu ulinijaa. Kila mtu alisema Salima kaona, Salima kagundua. Mimi niliyekuwa na mdomo sikuwa na la kusema. Nikafikiri, kama nikiiwasha hii ya mwisho peke yangu kabla mwalimu hajaenda mjini, jina langu nalo litatajwa mstarini.

Ijumaa mchana jenereta lilikuwa linaunguruma kwa sababu karani alikuwa anatoa nakala za mitihani ofisini. Nikamfuata Salima, alikuwa anakwenda kuswali.

"Nipe ufunguo, nimesahau sweta ndani."

Aliniangalia kidogo. "Utarudisha sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Sweta langu lilikuwa nyumbani.

Nilichukua kadi ya kwanza iliyokuja mkononi. Niliiweka juu ya sloti ya kahawia, ikakataa. Niliigeuza, ikakataa. Kulikuwa na kijino kidogo cha plastiki ndani ya sloti, mahali ambapo kadi haikuwa na pengo. Nilikiona. Nataka mjue nilikiona. Lakini nilisikia wenzangu wakicheka nje, nikaogopa kukutwa, nikaweka viganja vyote viwili nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Kijino kikalia kama mfupa wa kuku unaovunjika. Kadi ikazama. Nikabonyeza kitufe.

Feni haikumaliza hata mzunguko mmoja. Ulitoka uzi mwembamba wa moshi, na harufu ambayo hata leo nikiisikia jikoni kwa watu natoka nje. Nikachomoa waya, nikang'oa kadi, nikarudisha mfuniko, nikafungua madirisha. Salima alipotoka kuswali nilimkabidhi ufunguo. Aliupokea, akanusa, akaniangalia mikono. Sweta sikuwa nalo. Akauvaa shingoni.

Mwalimu alirudi Jumatatu na jibu la fundi, na hata bisibisi ya tatu. Akafungua mfuniko mbele yetu sote. Akaona kijino kimevunjika na doa jeusi kwenye ubao. Alipitisha kidole juu ya lile doa, sisi tukaanza kutazama viatu vyetu.

"Salima. Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu, mwalimu."

"Ulimpa mtu?"

Salima aligeuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingojea, kama mtu anayekushikia mlango ili upite. Mimi nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Ufunguo ulikuwa kwangu," alirudia.

Mwalimu akanyoosha mkono. Salima akautoa shingoni na uzi wake, akamkabidhi, akatoka. Aliambiwa asiingie tena chumba kile, na siku ya wazazi hatakuwa miongoni mwa watakaoonyesha kazi.

Siku tatu nilinyamaza. Dawatini Salima alisogea mpaka ukingoni. Kwenye rede nilipigwa kila mpira. Nyumbani mama alikuwa anapiga alizeti kwa fimbo uani, makapi yanaruka na upepo, nami nilikuwa namsaidia bila kuona ninachopiga. Jioni ya tatu nilisukuma sahani pembeni. Mama akaitazama ile sahani, akanitazama.

"Tatu," aliniita kwa jina langu, "wewe una jambo tumboni, na si chakula. Sikuulizi. Lakini jambo likilala siku tatu huanza kuzaa."

Asubuhi, kabla ya mstari, nilikwenda nyumba za walimu. Mwalimu Ntandu alikuwa anamwagilia kitalu chake cha vitunguu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Ni mimi." Sikuweza kuanza kwa mbali. "Si Salima. Nilimdanganya nimesahau sweta. Niliona kijino, nikakandamiza hivyo hivyo."

Aliweka ndoo chini. Nilingoja kiboko. Nilitamani kiboko, kwa sababu kinaisha.

"Ulikiona kijino?"

"Nilikiona."

"Na Salima alijua?"

"Nadhani alijua siku ile ile."

Akapangusa mikono kwenye suruali. "Basi kesi yangu na wewe si kubwa kama kesi yangu mimi na yule mtoto," alisema. "Mimi nimemhukumu bila kusikiliza. Twende, tutaomba msamaha wote wawili. Na siku ya wazazi, mashine hiyo utaieleza wewe. Wazi. Bila kuificha."

Mstarini, mbele ya shule nzima, mwalimu alisema amekosea, akamrudishia Salima ufunguo. Mwalimu wa enzi zile kusema amekosea mbele ya wanafunzi! Mimi nilimfuata Salima pembeni ya uwanja, nikamwambia nisamehe, nikaanza kulia. Aliufunga ufunguo shingoni kwanza, akahakikisha fundo.

"Sikutaka msamaha wako," alisema. "Nilitaka ufunguo wangu."

Akaondoka.

Wazazi walikuja wengi, kina mama na vitenge vya kanisani, wazee na fimbo zao, wengine wametembea tangu alfajiri kutoka vijiji vya ndani. Kompyuta tisa ziliwaka. Salima aliwaonyesha kina mama jinsi ya kuandika majina yao, na mama yangu alipoona jina lake limetokea kwenye kioo aliligusa kwa kidole kama anayepima joto la uji. Halafu wakafika kwenye meza yangu, ambapo mashine ya kumi ilikuwa imefunguliwa, matumbo nje.

"Hii nimeiua mimi," nilisema. Sauti ilitoka kama ya panya. Nikawaeleza. Nikawaonyesha babu, mashangazi na bibi harusi, kina mama wakacheka. Nikazishika zile kadi mbili juu ya mwanga kama alivyofanya mwalimu, nikawaonyesha mapengo.

Mzee Hango alisogea. Aliingiza kidole chake kigumu ndani ya sloti, akapapasa.

"Hapa palipovunjika, palikuwa na nini?"

"Kijino, babu. Kilikuwa kinazuia kadi ya umeme mkubwa isiingie kwenye umeme mdogo."

"Kwa hiyo aliyeitengeneza alijua atakuja mtu mwenye haraka."

"Ndiyo, babu."

"Na wewe sasa ukipewa nyingine, utaanza na nini?"

"Nitatazama pengo. Likikataa, nitaacha."

Akawageukia wenzake. "Mimi nimefundisha vijana uashi miaka mingi," alisema. "Ambaye hajawahi kuangusha ukuta simwamini. Huyu ameangusha, na anajua kwa nini umeanguka. Mnataka kuweka mahindi humu? Mahindi yanajifunza nini?"

Watu walicheka, na katika kile kicheko jambo likaamuliwa. Kila kitongoji kingeleta alizeti baada ya mavuno kwa ajili ya dizeli. Chumba kikabaki chumba cha kompyuta.

Salima hakunisemesha kwa wiki mbili zaidi. Nilikuwa nimeanza kuzoea. Siku moja ya mapumziko, nimekaa peke yangu ukutani, mpira wa soksi ukanipiga kichwani, ukanimwagia vumbi mpaka mdomoni. Nikageuka.

"Umetoka," Salima alisema. "Njoo urushe upande huu."

Mpaka leo hatujawahi kulizungumza.

Leo Salima ana karakana yake Mandewa, Singida mjini, anatengeneza kompyuta na printa za nusu ya mji, na ana mabinti wawili anaowafundisha kazi. Mimi nafundisha fizikia Kilimatinde, juu kule kwenye upepo mwingine. AGP imekwisha, ikaja PCI nyingine yenye kasi, sloti ndefu ya kubana kadi kubwa kama tofali, na kwenye simu na kompyuta za mapajani hakuna sloti kabisa, kila kitu kimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao na kufunikwa kwa gundi. Kikifa kitu kimoja, unaambiwa nunua nyingine. Hapo ndipo ninapowaonea huruma wanafunzi wangu. Wana vitu vingi kuliko sisi, lakini vitu vyao havifunguki. Sisi tulikuwa na mashine kumi zilizochokwa na wenyewe, shule nzima, tukapanga foleni kugusa kitufe, na tulijua kila mfupa wake.

Niliwahi kulisema hilo darasani, kwa majivuno kidogo, kama wazee tunavyofanya. Wanafunzi walinisikiliza kwa adabu, wale wa nyuma wakipiga miayo. Baada ya kipindi, wasichana watatu wa kidato cha tatu wakanifuata. "Shikamoo mwalimu. Zile kompyuta mbovu zilizoko stoo, tunaweza kuzifungua?" Niliwapa bisibisi. Nilifikiri watazifungua, wataziangalia, watarudi kwenye simu zao.

Wakatoa feni. Wakatoa kifaa cha kupoozea, nyaya, na lile boksi la bati lenyewe. Wakaongeza balbu, kipima joto, na kibao kidogo cha umeme walichoagiza kwa basi kutoka Dodoma, wakakiandikia maelekezo wenyewe kwa kufuata video kwenye simu, hizo hizo simu ninazozisema. Walikuwa wanatengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga, kwa mayai ya kienyeji ya bibi wa mmoja wao. Mara mbili mayai yaliharibika. Mara ya tatu walikuja kuniita katikati ya kipindi, hawakubisha hodi.

Enzi zetu kioo kilipowaka tulipiga kelele, kwa sababu kitu cha watu kilikuwa kimekubali kufanya kazi mikononi mwetu. Hawa hawakupiga kelele. Walikuwa wamepiga magoti kuzunguka lile boksi, wamenyamaza, mmoja ameweka kiganja mbele ya feni kupima joto, na mwingine ananiashiria kwa kidole nikae kimya, kwa sababu yai la saba lilikuwa linapasuka.